Uko Wapi? Swali la Kwanza la Simu ya Dharura

Opereta wa simu za dharura haanzi kwa kuuliza kilichotokea. Anaanza kwa kuuliza mahali. Katika vituo vilivyopangika vizuri swali la "uko wapi?" hutangulia mengine yote, na sababu yake ni nyepesi: simu inaweza kukatika wakati wowote. Betri ikiisha, mtandao ukipotea, mpigaji akizirai au mtu akimpokonya simu, opereta aliyekwisha kujua mahali bado anaweza kutuma gari, hata kama wanaokwenda hawajui watakachokikuta. Aliyesikia kisa kizima bila kupata mahali hana pa kulituma.

Vifaa vya usalama wa umma vimeongezeka sana, lakini sehemu kubwa ya historia yake ni jitihada ya kulijibu swali hilo moja. Jibu lilipatikana mapema, likapotea, likapatikana tena, likapotea tena. Afrika Mashariki iliingia katika historia hii kwa mlango wa simu ya mkononi, yaani wakati jibu lilikuwa limepotea kwa mara ya pili. Hilo linaeleza mengi kuhusu kazi inayofanywa na maopereta wake hadi leo.

Kisanduku kilichojua kilipo

Aprili 1852 mji wa Boston, Marekani, ulianza kutumia mtambo wa kutoa taarifa za moto kwa waya wa telegrafu. Waliobuni mtambo huo ni daktari William Channing na mhandisi Moses Farmer. Visanduku vya chuma vilifungwa mitaani, kila kimoja na namba yake. Aliyeona moto alifungua kisanduku, akazungusha mkono uliokuwamo ndani, na namba ya kisanduku ikagongwa kwenye waya mpaka ofisi kuu. Huko mpokeaji alihesabu mapigo, akatazama orodha yake, akajua ni kona gani ya mji. Kengele zikalia, wazimamoto wakatoka.

Hakuna neno lililosemwa. Kisanduku hakikuweza kueleza kama kinachoungua ni jiko au ghala zima, wala kama ndani mna watu. Kilijua jambo moja tu, pale kilipofungwa, na hilo lilitosha. Udhaifu wake ulitoka kwa binadamu. Kwa kuwaogopa watu wa kupiga kengele za uongo, wakuu wa mji waliweka kufuli kwenye visanduku na kukabidhi funguo kwa polisi na wakazi walioaminika. Moto mkubwa ulipozuka Boston usiku wa Novemba 9, 1872, taarifa ilichelewa, na kufuli hizo zililaumiwa. Tatizo la taarifa za utani, kumbe, ni kongwe kuliko simu yenyewe.

Simu ilipoenea, watu walipata sauti na kupoteza mahali. Mpigaji sasa aliweza kueleza moto, damu au mwizi, lakini ilimlazimu pia kusema yuko wapi, na mtu aliyejawa hofu husahau hata jina la mtaa anaoishi. Redio nayo ilikuja na upungufu wake. Polisi wa Detroit walipofunga redio katika magari ya doria mwaka 1928, ilikuwa ya upande mmoja: askari alisikia amri ya kwenda mahali fulani lakini hakuweza kujibu wala kuuliza. Miaka kadhaa ilipita kabla redio ya pande mbili haijamwezesha aliyeko njiani kusema, "Hiyo nyumba haionekani, elekeza tena."

Tisa tatu za London

Novemba 10, 1935, nyumba moja ya Wimpole Street, London, ilishika moto na wanawake watano wakafa. Jirani aliyekuwa akitazama kutoka ng'ambo ya barabara alipiga simu kwa opereta wa kawaida, akawekwa kwenye foleni pamoja na watu waliotaka kuunganishwa kwa shughuli zao za kila siku. Aliandika barua yenye hasira kwa gazeti la The Times, na uchunguzi uliofuata ukazaa wazo la namba maalumu itakayoruka foleni. Juni 30, 1937, namba 999 ilianza kufanya kazi London. Ilipopigwa, taa nyekundu iliwaka na king'ora kikalia mbele ya maopereta, ili simu hiyo ishikwe kabla ya nyingine.

Uchaguzi wa tisa haukuwa wa kubahatisha. Namba 111 ingeweza kujipiga yenyewe pale nyaya zinapogusana kwa upepo. Sifuri ilikuwa tayari ya kumwita opereta. Tisa ilikaa jirani na sifuri kwenye gurudumu la simu, karibu na kile kichuma cha kuzuia kidole, hivyo mtu angeweza kuitafuta kwa kupapasa gizani au ndani ya moshi. Tena simu za sarafu ziliweza kurekebishwa kirahisi ili tisa ipigwe bure. Huo ndio usanifu wa kweli wa kifaa cha dharura: aliyekitengeneza alimfikiria mtu asiyeona, anayetetemeka na asiye na senti mfukoni. Wiki ya kwanza zilipigwa simu zaidi ya 1,300, na 91 kati yake zilikuwa za utani.

Marekani ilichelewa miaka 31. Februari 16, 1968, katika mji mdogo wa Haleyville, Alabama, Spika wa Baraza la Wawakilishi la jimbo hilo, Rankin Fite, alipiga 911 kutoka ukumbi wa mji, na mbunge Tom Bevill akaipokea katika kituo cha polisi. Kampuni ya simu ya huko ilikuwa imeazimia kuitangulia kampuni kubwa ya AT&T, iliyotangaza namba hiyo mwezi mmoja kabla. Ulaya ilikubaliana juu ya 112 mwaka 1991, na kwa kuwa viwango vya simu za GSM viliitambua namba hiyo, leo simu nyingi za mkononi duniani huiona 112 kuwa ya dharura hata kioo kikiwa kimefungwa.

Namba moja ilirahisisha kupiga. Mahali palirudi baadaye kidogo. Katika miaka ya 1970, Chicago ikiwa miongoni mwa miji ya mwanzo mwaka 1976, mitambo iliunganishwa na daftari la kampuni ya simu: simu ya nyumbani ilipopigwa, namba na anwani yake vilijitokeza mbele ya opereta. Mtoto aliyelia bila kusema neno aliweza kufikiwa. Bibi aliyeanguka na kuacha mkono wa simu ukining'inia aliweza kufikiwa. Waya uliofungwa ukutani ulifanya kazi ileile ya kisanduku cha Boston.

Kisha simu ikatoka ukutani ikaingia mfukoni. Opereta aliyezoea kuona anwani akawa anaona mnara wa simu tu, na mnara mmoja unaweza kuhudumia eneo la kilomita nyingi. Mwaka 1996 tume ya mawasiliano ya Marekani ilianza kuyabana makampuni yaonyeshe mpigaji alipo, na viwango vilivyofuata vilidai usahihi wa kati ya mita 50 na 300 kutegemea njia iliyotumika. Kwenye pori mita 300 si nyingi. Katikati ya jiji ni mitaa kadhaa.

Njia iliyoleta nafuu kubwa ilianza Uingereza mwaka 2014. Mtu anapopiga namba ya dharura, simu yenyewe huwasha vipimo vyake vya setilaiti na vya Wi-Fi kwa sekunde chache, kisha hutuma ujumbe mfupi wa kimyakimya wenye vipimo vya mahali kwenda kituoni. Mpigaji hagusi kitu. Badala ya duara la kilomita, opereta huona nukta ya makumi ya mita. Google na Apple waliingiza njia hiyo katika simu zao, na tangu Machi 2022 simu janja mpya zinazouzwa katika Umoja wa Ulaya hulazimika kuwa nayo. Sharti lake ni moja: nchi iwe imeandaa kituo cha kuupokea ujumbe huo. Pasipo kituo kama hicho, uwezo huo hulala ndani ya simu bila kumfaa mwenye simu.

Ndani ya chumba

Chumba cha simu za dharura cha leo hakina kelele kama watu wanavyodhani. Taa ni hafifu, sauti ni za chini. Opereta ana vipokea sauti kichwani, skrini nne au zaidi mbele yake, ramani kwenye moja, orodha ya magari kwenye nyingine, na mara nyingi pedali mguuni ya kufungulia redio ili mikono ibaki kwenye kibodi. Katika vituo vikubwa kazi hugawanywa: mmoja hupokea simu na kuandika, mwingine huyasoma maandishi hayo papo hapo na kupanga magari, wakati mpigaji bado anaongea. Wengi hawalijui hili. Hudhani kila swali linaloulizwa linachelewesha gari, wakakasirika na kukata simu, kumbe gari limekwisha kutoka na maswali yanaendelea kuwasaidia waliomo ndani yake.

Maswali hayo yana mpangilio. Mwishoni mwa miaka ya 1970 daktari Jeff Clawson wa Salt Lake City aliandaa kadi za maswali na maelekezo kwa kila aina ya tatizo: maumivu ya kifua, kupaliwa, uzazi, kuungua. Kabla ya hapo opereta wengi walichukua anwani na kukata. Kadi zilibadilisha kazi yenyewe. Opereta akawa mtoa huduma wa kwanza, mwenye sauti badala ya mikono.

Moyo unaposimama, tofauti hiyo hupimwa kwa dakika. Kila dakika inayopita bila mtu kukandamizwa kifua, nafasi yake ya kupona hushuka kwa takribani asilimia 7 hadi 10, na hakuna gari la wagonjwa linalofika kwa dakika moja. Katika eneo la King County, lenye jiji la Seattle, kikundi cha daktari Mickey Eisenberg kilionyesha mwanzoni mwa miaka ya 1980 kwamba opereta anaweza kumfundisha mpigaji kukandamiza kifua kwa simu, hata kama hajawahi kuona mafunzo ya aina hiyo. Maswali ya kuamua ni mawili: ana fahamu? Anapumua kawaida?

Hilo la pili lina mtego. Mtu ambaye moyo wake umesimama anaweza kuendelea kutweta, akivuta hewa kwa kishindo mara moja moja, kama mkoromo au kama samaki aliyetupwa ufukweni. Mpigaji humwona akitweta na kusema kwa matumaini, "Anapumua." Opereta asiyefunzwa huridhika na jibu hilo, na mgonjwa hufa akidhaniwa yu hai. Aliyefunzwa huuliza zaidi: "Niambie kila anapovuta pumzi. Sema sasa." Kisha anahesabu ukimya kati ya "sasa" moja na nyingine. Ukimya ukiwa mrefu, anaagiza: "Mlaze chali chini, si kitandani. Weka kiganja katikati ya kifua, kingine juu yake. Kandamiza kwa nguvu, sentimita tano kwenda chini. Hesabu pamoja nami: moja, mbili, tatu, nne." Mwendo ni mara 100 hadi 120 kwa dakika, na opereta huhesabu bila kuchoka mpaka asikie mlango ukigongwa.

Mpigaji anayepiga mayowe hatulizwi kwa kufokewa. Maopereta hufunzwa kurudia sentensi ileile, kwa sauti ileile, bila kupandisha wala kushusha: "Nisikilize, mama, ili nimsaidie mwanao. Nisikilize, mama, ili nimsaidie mwanao." Mara ya tatu au ya nne mayowe huvunjika na maneno husikika.

Wapo wasioweza kusema kabisa. Mwanamke aliyejificha chooni akimkimbia mume mwenye panga hawezi kutaja anwani. Uingereza mtu wa namna hiyo akipiga 999 kwa simu ya mkononi bila kutoa sauti, huombwa abonyeze 55, na simu yake hupelekwa kwa polisi. Viziwi nao wamefunguliwa njia ya ujumbe mfupi katika nchi kadhaa. Kimya kwenye simu ya dharura si utani mpaka ithibitike hivyo.

Kazi hii huumiza. Opereta husikia vifo asivyoviona, na mara nyingi hajui mwisho wa kisa, kwa sababu wenzake wakifika eneo la tukio simu hukatwa na nyingine huingia. Hakuna anayempigia baadaye kumwambia kama mtoto alipona. Marekani kwa miaka mingi imewaorodhesha maopereta hawa katika takwimu za ajira pamoja na wafanyakazi wa ofisini, kundi moja na makarani, wakati polisi na wazimamoto wako katika kundi la walinzi wa umma. Ni uainishaji usio wa haki. Karani akikosea hurudia fomu.

Mitambo ilipowaangusha

Kwa muda mrefu chumba cha Shirika la Magari ya Wagonjwa la London kiliendeshwa kwa karatasi. Opereta aliandika fomu, akatafuta mahali kwenye kitabu cha ramani, akaiweka fomu kwenye mkanda unaotembea hadi kwa wapangaji magari. Ulikuwa utaratibu wa polepole, lakini wapangaji wale waliujua mji na madereva wao. Asubuhi ya Oktoba 26, 1992, karatasi ziliondolewa na kompyuta ikakabidhiwa kazi ya kuchagua gari.

Mtambo huo ulihitaji kujua wakati wote kila gari liko wapi na linafanya nini. Haukujua. Taarifa za redio zilipotea njiani, wahudumu walibonyeza vitufe bila kufuata mpangilio, na kompyuta ikawa inatuma magari kwa kufuata picha ya mji isiyo ya kweli. Magari mawili yalifika kwa mgonjwa mmoja, na mgonjwa mwingine hakufikiwa. Waliosubiri walipiga tena simu, simu zikaongezeka, ujumbe wa makosa ukajaza skrini hadi ule wa maana ukasukumwa juu na kupotea. Wapangaji waliokuwa wameuhifadhi mji kichwani hawakuwa na pa kushika. Alasiri ya Oktoba 27 walianza kurudi kwenye njia ya zamani kwa sehemu. Alfajiri ya Novemba 4 mtambo uligoma kabisa, na chanzo kilikuwa kipande kidogo cha programu kilichosahaulika wiki tatu kabla, kilichokuwa kikimega kumbukumbu ya kompyuta kila gari lilipotumwa bila kuirudisha. Mkurugenzi mkuu alijiuzulu. Mtambo mpya ulijengwa upya kwa hatua ndogondogo, wafanyakazi wakishirikishwa kila hatua, na ulifanikiwa.

Miaka 22 baadaye, usiku wa Aprili 9, 2014, kosa la aina nyingine lilitokea Englewood, Colorado. Kituo kimoja huko kilikuwa kikielekeza simu za 911 za maeneo mengi ya Marekani, na programu yake ilimpa kila mpigaji namba ya utambulisho. Aliyeiandika aliweka kikomo cha namba milioni 40. Usiku huo kikomo kilifikiwa. Kwa muda wa hadi saa sita, simu zaidi ya 6,600 kutoka majimbo saba hazikufika popote, na jimbo zima la Washington likabaki bila 911. Mwanamke mmoja wa jimbo hilo alipiga mara 37 au zaidi wakati mtu akivunja nyumba yake. Hatimaye alishika kisu cha jikoni na mvamizi akakimbia. Hakukuwa na tufani wala tetemeko. Mitambo ya maelfu ya mitaa ilikuwa imekusanywa mahali pamoja, na mahali hapo palipokwama, mitaa yote ilikwama.

Kuna kushindwa kwingine, kule kwa vikosi kutosikilizana. Septemba 11, 2001, katika shambulio la majengo pacha ya New York, onyo la polisi waliokuwa angani kwamba jengo litaanguka halikuwafikia wazimamoto waliokuwa ndani, kwa kuwa redio zao hazikuunganishwa. Wazimamoto 343 walikufa siku hiyo. Mwaka 2012 Marekani ilitunga sheria ya kujenga mtandao mmoja wa vikosi vyote. Kenya ilifuata njia inayofanana baada ya shambulio la Westgate la Septemba 2013 lililoua watu 67: mwaka 2014 serikali iliipa Safaricom kazi ya kujenga mtandao wa mawasiliano ya polisi na kamera Nairobi na Mombasa. Kamera husaidia kuona. Lakini aliyeona bado anahitaji mtu wa kumtuma, gari lenye mafuta na redio inayopokelewa upande wa pili.

Majengo ipi?

Mpigaji wa Dar es Salaam hatoi anwani, anatoa njia. Atasema, "Niko Mbagala, ukifika Rangi Tatu ingia kushoto, pita msikiti, kuna mwembe, nyuma ya duka la M-Pesa, uliza kwa fundi cherehani." Kwa mtu wa nje maelezo hayo ni fumbo. Kwa opereta mzoefu ni ramani kamili, na kazi yake ni kuyachuja: kupata kwanza mkoa na wilaya, kisha kata, kisha alama moja ambayo dereva hawezi kuikosa. Akikosa vyote huuliza jina la mwenyekiti wa serikali ya mtaa au la mjumbe, kwa kuwa mjumbe hujulikana hata pale ambapo mtaa hauna kibao. Huwa na agizo moja la mwisho, na ni la thamani kubwa: "Mtume kijana asimame barabarani na tochi, gari likija alipungie."

Majina hurudiarudia. Majengo iko Moshi, iko Dodoma, iko Nairobi, iko Mombasa. Kila mji una Stendi na Sokoni. Mpigaji akiona moto husema tu "Majengo, karibu na soko," akidhani anayemsikiliza yuko mji mmoja naye. Opereta asipouliza "Majengo ya wapi?" atatuma gari kwenye mtaa sahihi wa mji usio wake.

Ndiyo maana kazi ya mwaka 2022 nchini Tanzania ilikuwa na uzito mkubwa kuliko ilivyozungumzwa. Kabla ya Sensa ya Watu na Makazi ya Agosti, serikali iliendesha Operesheni Anwani za Makazi: barabara na vichochoro vikapewa majina, nguzo zikasimikwa, namba zikabandikwa milangoni na kuingizwa katika mfumo wa kielektroniki. Wengi waliiona kuwa maandalizi ya makarani wa sensa. Kwa zimamoto na gari la wagonjwa, ile namba ya mlangoni ni mwanzo wa kuwa na kile alichokuwa nacho opereta wa Chicago mwaka 1976. Namba hizo zinahitaji kutunzwa, vibao vilivyong'olewa virudishwe, na zaidi ya yote wenye nyumba wazijue kwa kichwa.

Mfano bora wa teknolojia iliyojengwa kwa kufuata mazingira ya hapa ni mpango wa m-mama. Ulianza kwa majaribio Kanda ya Ziwa, na mwaka 2022 Rais Samia Suluhu Hassan akazindua upanuzi wake nchi nzima. Namba ni 115, haina malipo. Mjamzito akianza kutokwa damu kijijini, au mtoto mchanga akibadilika rangi zahanati, mhudumu au ndugu hupiga simu kituo cha mkoa, ambako opereta mwenye ujuzi wa afya huuliza maswali yaliyopangwa na kuyajaza kwenye mfumo. Mfumo humwonyesha ni kituo gani cha afya kinaweza kumpokea mgonjwa wa aina hiyo, ili asipelekwe mahali pasipo na damu wala chumba cha upasuaji. Gari la wagonjwa likiwapo, hutumwa. Lisipokuwapo, na mara nyingi halipo, opereta humpigia dereva wa kijijini aliyesajiliwa na kufundishwa. Akimfikisha mgonjwa, nauli yake huingia kwenye simu kwa M-Pesa. Familia haiombwi senti.

Uzuri wa m-mama uko katika kukubali ukweli. Haukusubiri magari ya wagonjwa yatoshe. Uliuliza ni magari gani yapo tayari, nani anayajua mashimo ya ile barabara usiku wa mvua, na kwa nini hakuwa akiitwa. Kwa mantiki hiyohiyo Mwanza walifundishwa waendesha bodaboda kutoa huduma ya kwanza na kuitwa kwa ujumbe mfupi ajali inapotokea.

Novemba 6, 2022, ndege ya Precision Air iliyokuwa na watu 43 ilianguka Ziwa Victoria, karibu kabisa na uwanja wa Bukoba. Waliowahi kuifikia ni wavuvi, na kijana Majaliwa Jackson akasifiwa nchi nzima kwa kusaidia kufungua mlango ili watu watoke. Watu 19 walikufa, 24 waliokoka. Wavuvi wale hawakuitwa na kituo chochote. Waliona, wakapiga kasia. Kituo cha dharura kwenye mwambao wa ziwa kinastahili kuwa na namba za simu za wavuvi kama kilivyo na namba za askari.

Yapo yanayomhusu mpigaji mwenyewe. Polisi Tanzania ni 112, zimamoto ni 114, usafiri wa dharura wa mjamzito na mtoto mchanga ni 115. Kenya hupigwa 999 au 112, Uganda vilevile. Rwanda polisi ni 112 na gari la wagonjwa ni 912. Ziandike ukutani kwa maandishi makubwa, na chini yake andika namba ya nyumba, jina la mtaa, kata na wilaya, ili mtoto wa miaka saba au mgeni aliyelala kwako usiku mmoja aweze kuzisoma. Ukipiga, taja kwanza mkoa, kisha wilaya na mtaa, kisha alama inayojulikana, kilichotokea kifuate. Mtume mtu barabarani na tochi. Na usikate simu mpaka opereta akwambie ukate.